Harusi Isiyokuwamo Kwenye Filamu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mji wa Durban haupitiki. Watu wamepata mishahara, kila duka limetoa spika nje, mama wa mahindi ya kuchoma wamekaa kwenye kona za roboti, zile taa za barabarani, na taksi zinapigiana honi kama watu waliogombana jana. Siku kama hiyo ndiyo Larissa alipoangusha simu yake. Ilimponyoka akikimbia kuvuka barabara, ikaanguka kifudifudi, na alipoiokota kioo chote kilikuwa vipande.

Larissa ni binti wa Uvira. Aliletwa Durban angali mdogo, akasomea hapa hapa, na wakati huo alikuwa akisuka nywele kwenye saluni ya Tina. Ana shingo ndefu na macho ya kucheka, na siku hiyo gauni lake la kitenge cha njano lilimkaa vizuri hata mlinzi wa benki akasahau kulinda. Akajipenyeza kwenye duka la simu lililokuwa karibu. Lilikuwa chumba chembamba kama korido, mafundi wamejipanga ukutani kila mmoja na kimeza chake, wateja wamesongamana mpaka mlangoni. Mafundi wawili walimwambia arudi Jumatatu. Ndipo kutoka mwisho wa chumba, nyuma ya mgongo wa mteja mmoja mnene, sauti ya mwanaume ikasema taratibu:

"Fungeni milango, filamu inaanza."

Watu wakacheka. Larissa hakucheka. Aliganda na simu yake mkononi, maana sauti ile aliijua kuliko anavyoijua sauti ya pasta wake.

Sauti ile ilikuwa ikiishi ndani ya televisheni ya saluni. Wakongomani na Warundi wa mji huu wengi hawana nafasi ya kusoma maandishi ya Kiingereza chini ya filamu, mikono yao imo kazini. Kwa hiyo iko watu wanaochukua filamu ya Kichina au ya Kihindi, wanapunguza sauti ya waigizaji, halafu wanaisimulia kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Mtu mmoja anakuwa wanaume, wanawake, vizee na watoto. Kazi hiyo inauzwa kwenye memori kadi. Na huyu wa "fungeni milango" ndiye aliyependwa kuliko wote kwa Tina, hasa kwa filamu yake moja ya Warusi.

Ilikuwa filamu ya mapenzi ya watu wanaocheza dansi juu ya barafu, wawili wawili, mwanaume na mwanamke, wamevaa viatu vyenye kisu chini, wanateleza kama mafuta kwenye kikaango. Majina ya Kirusi msimuliaji hakuyataka, akawabatiza upya. Msichana akawa Liberata, mvulana akawa Donatien. Donatien anamrusha Liberata hewani mbele ya uwanja uliojaa, anamkosa, Liberata anaanguka na kuvunjika nyonga. Wanaachana. Baadaye sana Donatien anarudi, anamwambia, "Barafu ilikuwa mbaya siku ile, mpenzi, mimi sikukuachia." Wanapatana. Na pale picha inapozima, majina ya Warusi yanaanza kupanda, sauti ile inamalizia juu ya giza kwamba Jumamosi iliyofuata harusi ikafungwa, kanisa likajaa mpaka watu wakakaa madirishani, na mama mkwe akacheza mpaka kiatu kikakatika. Hapo Tina, mwenye saluni, hulia kila mara. Chini ya picha kulikuwa na utepe mweusi wenye namba ya simu ya duka. Nani angehangaika na utepe?

Mteja mnene alipoondoka, Larissa akamwona mwenyewe: kijana mrefu, mwembamba, shati la bluu limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, bisibisi ndogo imechomekwa juu ya sikio.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi nani, dada?"

"Donatien."

Kijana akatabasamu upande. "Donatien ni mimi, Liberata ni mimi, kocha ni mimi. Hata mbwa wa kocha ni mimi."

"Mbwa nilimtambua. Alikuwa anabweka kwa Kirundi."

Duka zima likaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Jina lake lilikuwa Irakoze. Alisema kioo kitachukua muda, aache simu mpaka Jumatatu. Halafu akakuna kichwa, akamwuliza, je, simu ikiwa tayari atampigia kwenye namba gani, na simu yenyewe anayo yeye? Larissa alijua mtego ule ulivyotegwa. Akampa namba ya saluni.

Irakoze hakungoja Jumatatu. Jioni ile ile simu ya saluni ikalia, Tina akapokea, akaibana kifuani macho yamemtoka. "Wanamtaka Liberata," akasema.

Kuanzia hapo zikawa simu. Asubuhi Larissa akiwa kwenye foleni ya taksi, mchana mteja akiwa chini ya drayari, jioni akipika. Irakoze alimpigia kwa sauti ya kocha mkali, akimwamuru ale. Alimpigia kwa sauti ya bibi kizee wa Kirusi, akimwuliza kama ana mchumba. Alimwita chérie, alimwita wangu wa njano, na siku alizochoka kabisa alimwita Larissa tu, na hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi, ingawa hakumwambia.

Larissa na mama yake, Antoinette, muuza samaki wakavu na mboga ya fumbwa, walikuwa wanaishi wawili kwenye vyumba vya nyuma vya nyumba moja ya zamani mtaa wa Glenwood. Yule mama alikuwa mtu wa wasiwasi. Mtoto akichelewa roboti moja, yeye ameshavaa viatu. Alizisikia simu zile kupitia ukuta, akavumilia, mwishowe akaweka mwiko chini.

"Huyo mtu anaongea kwa midomo ya watu kumi," akasema. "Siku akiongea kwa mdomo wake, utajuaje?"

"Maman, ni kazi yake."

"Najua ni kazi yake. Nakuuliza utajuaje."

Larissa akambusu shavuni, akaondoka. Mabinti ndivyo tulivyo tukipendwa. Swali zuri tunalibusu shavuni, tunaondoka.

Jumapili moja baada ya ibada Irakoze akampeleka kwenye barafu. Uwanja uko karibu na bahari. Nje jua linakaanga lami, watoto wanatembea na kaptula za kuogelea, na wewe unafungua mlango unakutana na baridi ya friji. Larissa alivaa jinzi na sweta la mama yake. Viatu walikodi. Vilikuwa vizito, vinanuka soksi za watu wengine, na ukisimama navyo magoti yanaanza kuombana msamaha. Watoto wa Kihindi wa mtaa wa Chatsworth waliwapita kwa kasi, mikono nyuma, kama wamezaliwa humo.

"Nishike," Larissa akasema.

"Nimekushika."

"Usiniachie."

"Chérie, nitakuachia mimi? Mimi ni Donatien."

Wakaenda. Polepole, kama wazee wawili wanaotoka hospitali, wanacheka mpaka machozi. Katikati ya uwanja, pale ambapo hakuna ukuta wa kushika, simu ya Irakoze ikalia mfukoni. Ilikuwa na mlio wake wa peke yake. Uso wake ukabadilika, na mkono wake wa kulia ukamwachia Larissa ili utoe simu. Larissa aliteleza peke yake, mikono inatafuta hewa, akajigonga ukutani kwa goti. Alipogeuka, alimwona Irakoze amesimama katikati ya barafu, ameinamisha kichwa, anajibu kwa Kirundi cha heshima, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Alikuwa Shangazi Joséphine. Yeye ndiye aliyemlea. Wazazi wa Irakoze walipouawa, huyo shangazi alimfunga mgongoni akatembea naye hadi wakavuka mpaka wa nchi. Larissa alisikia habari hiyo pale pale, wamekaa kwenye benchi wakifungua kamba za viatu, na kwa nini amkasirikie mtu kwa kumheshimu mama aliyemlea? Goti likavimba siku mbili tatu, akalisahau.

Miezi ikapita, Irakoze akasema anataka kujitambulisha nyumbani.

Kwa watu wetu hilo si jambo la kunywa soda na kuondoka. Upande wa kijana unakuja na mkubwa wake, upande wa binti unapika, watu wanasema maneno yanayowafunga. Shangazi Joséphine alikuja amevaa mashuka yake ya Kirundi yaliyofungwa begani, ya rangi ya dhahabu, mgongo umenyooka kama mlango. Alikuwa mtu wa milima ya Ngozi, kule Burundi, na miaka yote Durban alikaa ndani akishona, Kiswahili chake kilikuwa cha jambo na asante. Antoinette hakuwa na Kirundi, au ndivyo kila mtu alivyofikiri. Kwa hiyo aliyetafsiri katikati ni Irakoze mwenyewe. Na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Nani alishaona bwana harusi anakuwa mkalimani wa posa yake?

Shangazi alisema maneno marefu, polepole, akimtazama Antoinette usoni. Irakoze akasikiliza, akalamba midomo, akatafsiri: "Shangazi anasema amefurahi sana. Anasema Larissa ni binti yake kuanzia leo, na nyumba yetu ni nyumba yake."

Antoinette akatikisa kichwa. Akamwongezea mgeni samaki. Akasema kwamba amesikia, ila angependa kujua vijana wataishi wapi. Irakoze akageuza hiyo kwa Kirundi, shangazi akakunja uso, akajibu kwa ufupi, na jibu likatoka kwa Kiswahili laini, la upendo, lina asali pande zote. Wakala. Wakaomba. Larissa aliwasindikiza mpaka kwenye taksi, miguu haigusi chini.

Aliporudi alimkuta mama yake anasugua sufuria ambayo ilikwisha kuwa safi.

"Keti," Antoinette akasema. "Yule shangazi hakusema vile."

Ikawa kama masihara. Antoinette akamweleza bila kupandisha sauti. Alipokuwa msichana, kabla ya vita, alivuka mpaka wa Gatumba karibu kila siku kuuza dagaa soko la Bujumbura. Kirundi ndicho kilichompa chakula. Hakuwahi kukitaja Durban kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Na shangazi alichosema ni hiki: kwamba yeye na watoto wake wamepata safari ya kuhamia Canada, kwamba Irakoze yumo kwenye safari hiyo kama mwanawe, kwamba hana ubaya wowote na binti, binti ni mzuri na nyumba ni ya watu wa heshima, lakini wasimpe tumaini la uongo. Kijana anaondoka. Binti asingoje.

"Alinitazama machoni akasema," Antoinette akasema. "Mwanamke mkweli. Mwongo alikuwa katikati."

Larissa akasimama. Akasema maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Kwamba Maman hampendi Irakoze tangu mwanzo kwa sababu ni Mrundi. Kwamba Kirundi cha soko la dagaa ni Kirundi gani hicho. Antoinette akachukua sufuria akaisugua tena.

Ingeishia hapo, kila mmoja na hasira yake, kama si msichana mmoja mwanafunzi, jina lake Aurélie. Alikuwa anapanga chumba Glenwood karibu na chuo, na alikuja kwa Tina kusukwa vitwisti vidogo vidogo, vile vinavyokula siku nzima. Aliketi, akaweka laptopu mapajani. Larissa alisimama nyuma yake, meshi za nywele bandia kwenye bega, akaanza kugawa nywele. Aurélie akafungua filamu.

Barafu. Msichana mwenye gauni la fedha. Kocha na mbwa wake.

"Hii naijua," Larissa akasema.

"Umeiona na maandishi ya Kiingereza?"

"Nimeiona na utepe."

Aurélie hakuelewa, na Larissa hakueleza. Alisuka huku akisoma juu ya kichwa cha mteja wake. Liberata alikuwa anaitwa Lyuba. Donatien alikuwa Gleb. Waliyoyasema hayakuwa mbali sana na yale ya Kiswahili. Vichekesho vilikuwa vichache, na mbwa hakuwa na maneno. Larissa akaanza kutulia. Akaona anguko. Akaona miaka inapita. Akaona Gleb anarudi, amesimama kwenye mlango wa Lyuba na theluji mabegani, na akangoja aseme ile ya barafu mbaya.

Gleb hakusema hivyo. Maandishi yalikuwa pale chini, meupe, mahali ambapo siku zote palikuwa na utepe mweusi wenye namba ya simu. Gleb alisema: Niliogopa. Ulipokuwa juu, niliogopa, nikafungua mikono.

"Aïe, dada, unanivuta," Aurélie akalia.

Larissa akalegeza vidole, akaomba radhi. Alisuka mpaka mwisho na macho yake hayakutoka kwenye kile kioo. Harusi haikuwepo. Asubuhi moja uwanja mtupu, Lyuba anaingia na fimbo, anaiegemeza ukutani, anavaa viatu, anamwambia Gleb, ninyanyue tena. Anamnyanyua. Filamu inakatika yule msichana akiwa bado juu hewani, na hakuna anayekwambia kama alishuka salama.

Larissa alimaliza kichwa cha Aurélie, akachovya ncha kwenye maji ya moto, akafagia nywele chini. Kisha akaenda nyuma ya saluni, kwenye ndoo za maji, akapiga simu.

"Liberata wangu," Irakoze akaitika.

"Donatien anaitwa nani?"

Sauti za duka zilisikika, mtu anaulizia chaja.

"Larissa, nini tena?"

"Jina lake la kweli."

"Gleb."

"Gleb alimwambia nini pale mlangoni?"

Alijibu kwa sauti ambayo Larissa hakuwahi kuisikia kwenye filamu yoyote, nyembamba, haina pambo. "Kwamba aliogopa. Akafungua mikono."

"Wewe ukatwambia nini?"

"Kwamba barafu ilikuwa mbaya. Chérie, wateja hawataki mwanaume wa namna ile, wanasema..."

"Na shangazi yako alisema nini kwa mama yangu?"

Irakoze akaomba waonane, aeleze uso kwa uso. Larissa akasema hapana, na akashangaa jinsi ilivyotoka kwa urahisi. Kwa majuma mengi hakupokea simu zake. Irakoze alipiga kwa Tina, Tina akamwambia Liberata amekwenda Urusi. Alisimama nje ya saluni na shati lake la pasi. Larissa alimpita kama anavyopitwa mlingoti wa taa. Usiku hakulala, asubuhi macho yamevimba, lakini alikwenda kazini. Kwa mama yake alipiga magoti jikoni, akaomba msamaha, na Antoinette akamwinua kwa kiwiko akamwambia ale kwanza.

"Unamtaka bado?" mama akauliza.

"Namtaka. Lakini simtaki yule wa kwenye utepe."

"Basi mwite. Na shangazi yake. Na yeye atafsiri tena."

"Akidanganya tena?"

Antoinette alifikiri. "Nitaweka mkono wangu kwenye sahani yangu," akasema. "Akiacha neno moja la yule mama, nitasimama nitoe vyombo mezani. Ukiniona nimesimama, binti yangu, jambo limekwisha, na tutalia kidogo halafu tutaishi."

Larissa akampigia Irakoze. Akampa siku. Akamwambia atatafsiri kila neno, tamu na chungu, na neno moja akiliacha yeye atajua. Irakoze akauliza atajuaje. "Hilo si lako," Larissa akasema, akakata.

Wakaja. Shangazi Joséphine na mashuka yale yale ya dhahabu, safari hii uso mgumu zaidi, maana hakuelewa kwa nini anaitwa mara ya pili. Irakoze hakuwa amepiga pasi. Antoinette akapakua ugali, samaki na sombe ya majani ya mihogo, akaketi, akaweka mkono wa kulia kwenye ukingo wa sahani yake. Larissa aliutazama ule mkono kuliko alivyomtazama mwanaume aliyempenda.

Shangazi akasema yale yale ya kwanza.

"Shangazi anasema," Irakoze akaanza, "kwamba wamepata safari ya kuhamia Canada, na mimi nimo. Anasema alisema hivi siku ile. Ni mimi sikutafsiri. Anasema Larissa asinisubiri."

Mkono haukusogea.

Kisha akamgeukia shangazi yake, akasema kwa Kirundi, na alipomaliza akageuka akaisema kwa Kiswahili, macho kwa Antoinette: "Nimemwambia siendi. Nilitakiwa kumwambia tangu zamani. Nilikuwa namwogopa yeye, nikawaogopa na ninyi, nikaona nikiwapa kila mtu neno zuri mambo yatajipanga yenyewe. Nimemwambia nabaki Durban na Larissa, kama Larissa bado ananitaka. Kama hanitaki, nabaki vile vile. Siwezi kupanda ndege kwa kuogopa."

Shangazi Joséphine hakupiga kelele. Aliongea chini chini, na maneno yake yakamfanya Irakoze afunge macho. Alipofungua hakutafsiri. Alifungua mdomo, akaufunga. Na Larissa akaona vidole vya mama yake vinakunjika juu ya sahani, sahani inainuka upande mmoja, mchuzi unasogea.

"Anasema," Irakoze akasema, na machozi yakaanza kumdondoka kwenye shati, "anasema alinibeba mgongoni kutoka Ngozi. Mtoto wake mwenyewe alimwachia mtu mwingine ili anibebe mimi, kwa sababu mimi nilikuwa na homa. Na yule mtoto hakufika. Anasema, leo namwambia apande ndege bila mimi. Hajawahi kuniambia habari hiyo. Ndiyo kwanza naisikia."

Sahani ikarudi mezani.

Antoinette akaondoa mkono, akaufuta kwenye kitenge chake. Akamgeukia mgeni. "Ndumva Ikirundi," akasema, kwamba anasikia Kirundi, na akaendelea kwa lugha ile ya soko la Bujumbura, inakwaruza kwa kukaa miaka bila kutumika. Larissa hakuelewa. Aliona tu shangazi anaweka mkono mdomoni, anamtazama Antoinette, anamtazama Irakoze, anaanza kutikisika mabega. Akadhani analia. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Anasema nini?" Larissa akauliza, na Irakoze akajibu huku akijifuta uso kwamba shangazi anasema siku ile aliondoka akishangaa: amemwambia mama wa watu kwamba anamchukua kijana, na mama wa watu anamwongezea samaki. Alifikiri Wakongomani hawana moyo.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, na asikudanganye mtu. Shangazi hakuongea na Irakoze kwa muda mrefu, na ilikuwa haki yake. Alikuwa anakuja Glenwood peke yake, kwa Antoinette, wanakaa nyuma ya nyumba wanachambua sombe, wanaongea mambo ya kule ambayo vijana hawayajui. Siku moja akasema safari yake imesogezwa mpaka Januari. Akasema kama iko jambo la kufanyika, lifanyike macho yake yakiwa bado hapa.

Irakoze akampeleka Larissa tena kwenye barafu. Goti lake lile lile likagoma kidogo. Simu ya Irakoze aliiacha kwenye kabati la viatu. Katikati ya uwanja, pasipo na ukuta, akamwambia hana uhakika kama anaweza kumshika asianguke; yeye mwenyewe miguu inamtetemeka. Akamwuliza, hivyo hivyo, atakubali kuolewa naye?

"Rudia," Larissa akasema.

Akarudia, na sauti ilikuwa yake. Wakaanguka wote wawili kabla hajajibu, na alijibu akiwa amekaa kwenye maji ya baridi.

Mabinti, mwanaume anayejua kusema si mbaya. Lakini kabla hujamfuata, mpeleke mahali pagumu, mbele ya watu anaowaogopa, usikie atakachokisema pale. Na mama yako akikwambia amesikia neno, usimwulize amejifunzia wapi.

Mwezi wa kumi na moja, televisheni ya Tina ikapokea memori kadi mpya. Filamu ile ile ya Warusi, imesimuliwa upya. Utepe umepandishwa juu, maandishi yameachwa yasomeke. Wateja wakageuza viti. Pale mlangoni, na theluji mabegani, sauti ikasema niliogopa nikafungua mikono, na saluni nzima ikaguna. Mwisho msichana akanyanyuliwa, akabaki hewani, picha ikazima, majina yakaanza kupanda, na sauti haikusema kitu.

Tina alingoja na kitambaa chake cha machozi mkononi. Akatazama giza, akamgeukia Larissa.

"Eish, na harusi? Harusi iko wapi?"

Larissa alikuwa amebana meshi kwa meno, anafunga kisuko. Akakimaliza kwanza.

"Haimo humo," akasema. "Iko kanisani, Desemba, na wote mmealikwa. Na atakayetafsiri ni Maman."